Nisafishie Zote

Mimi ndiye niliyeandika kifungu cha nne cha katiba ya kikundi chetu, na nilikiandika kwa wino: "Mwanachama sharti awe na kamera." Kikundi chenyewe kina watu watano. Tunajiita Wapenda Picha wa Rungwe, harusi hatupigi, malipo hatupokei. Kila Jumamosi tunakwenda mahali fulani wilayani, tunapiga picha kwa raha zetu, kisha tunarudi kwenye baraza ya Mwalimu Beatrice, mwenyekiti wetu, tunakunywa chai na kubishana. Mimi ni katibu. Siku nyingine za wiki nauza vipuri vya pikipiki hapa Tukuyu mjini, na wanaonijua watakwambia Hashimu ana hasira za karibu. Ni kweli, ila hupita upesi, si kama mvua ya kwetu.

Taabu ilianza mke wangu Safina alipoomba uanachama, na kamera yake ni simu.

Safina anauza vitenge. Hana duka. Anafunga mzigo, anapanda bodaboda, leo Kisondela, kesho Kisiba, siku ya soko anashuka Kiwira. Mteja akijifunga kitenge Safina humpiga picha ili ajione, halafu humtumia papo hapo. Ndivyo alivyoanza. Baadaye akawa anapiga na watu ambao hawakununua kitu.

"Simu ni simu," nilimwambia. "Tochi pia inayo, lakini sijasikia mtu akiiita karabai."

"Baba Najat," alisema huku anakunja vitenge, "adhuhuri unaswali kwa saa ipi?"

Naswali kwa saa ya simu. Ile ya mkononi ilisimama mwaka juzi, naivaa kwa heshima tu.

Basi kikundi kikapiga kura. Tatu zilimtaka Safina, mbili zilimkataa, na ile ya pili upande wangu ilikuwa ya Yussuph fundi saa, ambaye baadaye aliniambia alinionea huruma. Mwalimu Beatrice akaweka sharti moja: Jumamosi inayofuata Safina alete picha kumi na mbili alizopiga mwenyewe, na ziwe za kushikika mkononi, kwenye karatasi. Akizileta, ameingia. Asipozileta, hoja isirudi tena mezani.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimenuna, nakiri. Lakini Jumatano asubuhi nilichukua simu yake kutafuta namba ya mtu wa matairi, kidole kikateleza, nikajikuta ndani ya picha zake. Sikuwahi kuzitazama kwa makini. Alikuwa akinionyesha, mimi nasema "nzuri, nzuri" macho yakiwa kwingine. Safari hii nilizitazama, ijapokuwa sikuzimaliza. Kulikuwa na vijana wa Kiwira wananawa vumbi la makaa, mmoja ameshanawa nusu ya uso na nusu bado. Kulikuwa na mzee Ambindwile wa Kisondela kwenye ngazi, kichwa kimezama ndani ya mparachichi, zinaonekana buti na mkono mmoja tu. Kulikuwa na wanawake wengi, na wote walikuwa wanamtazama mke wangu kama anavyotazamwa mtu wa nyumbani. Nilizipenda. Niliona na wivu, sitaficha, maana nina kamera ya lenzi tatu na miaka tisa ya kuihangaikia, na hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo.

Alhamisi Safina alikuwa na mzigo wa kupokea stendi, nikajitolea. Nilisema, "Nipe simu, nitakupelekea mwenyewe picha zako zikatolewe kwenye karatasi." Aliniangalia kidogo, halafu akafurahi. Akanipa simu na kikaratasi alichoandika picha zake kumi na mbili, kila moja na namba yake. Njiani, kwa mapenzi yaliyonipanda, nikaona kumi na mbili ni chache. Nikasema nitamfanyia jambo ambalo hajalitegemea: nitazitoa zote. Kikaratasi nikakitia mfukoni.

Sasa mimi ni mtu wa zamani za mkanda. Ujanani mwangu ukimaliza picha thelathini na sita unapeleka mkanda studio, wanakusafishia, baada ya wiki unafuata picha zako kwenye bahasha. Picha haijasafishwa, haipo. Mpaka leo mdomo wangu haujui neno jingine.

Duka la Atupele liko nyuma ya soko. Ni mwanamke hodari, mikono yake imefufua simu nyingi za mji huu, na ana mashine ya kutolea picha pia.

"Shikamoo, mzee Hashimu."

"Marahaba. Hii simu ya mama Najat. Nisafishie picha."

Akaifungua, akaguna. "Imejaa kweli hii. Picha zipi?"

"Zote. Usibakize hata moja."

"Mwenyewe anajua?"

"Yeye ndiye kanituma."

"Na zilizo kwenye kapu?"

Sikujua kapu ni nini. Nilidhani ni aina ya albamu. "Nimesema zote, Atupele," nilimjibu, na hasira zangu za karibu zikasogea. "Mbona maswali mengi?"

Akanitajia bei ndogo mno, nikafurahi, nikaona kweli teknolojia imeshusha mambo. Nilirudi baada ya adhuhuri. Alinikabidhi simu kwa mikono miwili.

"Tayari, baba. Sasa nyepesi, inakimbia kama mpya."

"Bahasha iko wapi?"

"Bahasha ya nini?"

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza, maana nilimwona anaweka mkono mdomoni.

Sitaeleza sana yaliyofuata. Atupele aliacha kazi zake zote, akaiunganisha simu na kompyuta, akaipekua kila kona, hata lile kapu la picha zilizofutwa, mpaka alasiri. Kilichorudi ni vikatuni watu wanavyotumiana, kuku mwenye miwani, na keki ya Idi isiyo yetu. Safina hakuwahi kuwasha kile cha kuhifadhi picha mtandaoni kwa sababu kinakula bando.

"Mzee wangu," Atupele alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa, "si ungesema kuprinti."

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nilikaa kwenye benchi lake na simu mkononi, nikaona jinsi jambo lenyewe litakavyoonekana. Nani aliyepinga simu tangu siku ya kwanza? Hashimu. Nani aliyeshindwa kwenye kura? Hashimu. Nani aliyejitolea, bila kuombwa, kuzipeleka picha za mkewe, zikafutwa zote siku mbili kabla ya mkutano? Hata mimi, kama ningesikia habari hiyo kwa mtu mwingine, nisingemwamini huyo mume. Kikundi kingesema nini sikujali sana. Nilichoogopa ni Safina anitazame na kuamini kwamba nilikusudia. Tumeoana miaka kumi na tisa, na pamoja na kasoro zangu zote hajawahi kuniona mwovu.

Basi nikafanya la woga. Nilimwambia simu imebaki kwa fundi mpaka kesho, foleni ni ndefu. "Haya," alisema, "usiisahau tu," akaniwekea chakula. Ndizi na nyama, ninavyopenda. Sikuweza kumaliza sahani.

Nilichokuwa nimeona ni kwamba mazungumzo yake ya simu yalibaki. Picha alizowatumia watu zilikuwa zimegeuka miraba ya ukungu, lakini majina yalikuwa pale pale. Nikashika kikaratasi, nikaanza kuwaandikia mmoja mmoja kana kwamba mimi ni yeye: "Naomba unirudishie ile picha niliyokutumia, simu imesumbua." Hadi Ijumaa asubuhi zilikuwa zimerudi tisa. Mama mmoja wa Kiwira alirudisha yake na maneno: "Simu imesumbua, au mumeo amesumbua?"

Zilibaki tatu. Baada ya sala ya Ijumaa nilifunga duka, nikapanda bodaboda kwenda Kisondela.

Mzee Ambindwile nilimkuta anachambua parachichi, makubwa upande huu, madogo upande ule. Picha yake ilikuwa kwenye simu ya binti yake, na binti hakuwa na bando tangu Jumapili. Nilimnunulia.

"Mkeo alinipa hii kabla sijashuka kwenye ngazi," mzee alisema, akiitazama tena buti zake. "Nikawaambia watu, hizi ni buti zangu, wakabisha. Nikawaonyesha."

Nilicheka, lakini kitu kilinichoma. Mzee Ambindwile nimempiga picha mwenyewe mara tano au sita, na moja ilisifiwa sana barazani kwa Mwalimu Beatrice. Zote ziko kwenye diski, kwenye kabati, nyumbani kwangu. Haikuwahi kunijia kwamba angependa kuziona.

Kisiba nilifika mvua imeanza kunyunya. Bibi Alinanuswe anakaa mahali ambapo ukisimama uani unaliona ziwa chini, na migomba imelizunguka pande zote. Simu hana. Picha yake Safina aliituma kwa jirani yake, Agness.

"Ugonile, bibi," nilimwamkia kwa kilugha.

"Ndaga, tata. Mume wa Safina wa vitenge. Kaa."

Agness aliitwa, akaja na simu, akanirushia picha. Bibi Alinanuswe amejipimia kitenge cha kijani mbele ya mlango wake, anacheka mpaka macho yamefumba. Ilikuwa namba kumi na moja. Nilishukuru, nikasimama niondoke.

"Na ile yako?" bibi aliniuliza.

"Ipi, bibi?"

"Ile ya ziwani. Ulinipiga na lile likamela kubwa. Nilivaa nguo ya kanisani. Bado hujaisafisha?"

Sikuikumbuka picha yoyote ya bibi Alinanuswe. Lakini mdomo wangu ulishajibu, kama unavyojibu kila siku. "Bado kidogo, bibi. Iko njiani."

"Usijali," akasema, akinipigapiga mkono. "Lile ni likubwa, lasima linachukua muda. Kitu kisuli hakitaki halaka."

Namba kumi na mbili Safina alikuwa ameiandika "ya ziwani" tu, bila jina. Nilipekua mazungumzo yake yote njiani kurudi, mvua inanipiga mgongoni. Picha hiyo hakumtumia mtu yeyote.

Nilimkuta Safina sebuleni amekaa chini kati ya mafungu ya vitenge. Nikaiweka simu mbele yake na kikaratasi juu yake, nikabaki nimesimama na koti langu linatiririka maji.

"Mama Najat, picha zako zimefutwa. Zote. Ni mimi."

Nikaona uso wake unajifunga, na ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu jana.

"Nimerudisha kumi na moja," nikasema. "Nimezunguka kwa watu. Wallahi sikukusudia."

"Ulimwambiaje Atupele?"

"Nilimwambia anisafishie."

"Maneno yako yote. Usiruke."

Nikamweleza, neno kwa neno. Nilipofika kwenye "usibakize hata moja" aliinamisha kichwa. Nilipofika kwenye kapu mabega yakaanza kutikisika, nikajua analia, nikapiga magoti. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea vitenge.

"Mtu anayetaka kunihujumu angesema futa," alisema alipopata pumzi. "Wewe hata kuharibu unaharibu kwa Kiswahili cha mwaka arobaini na saba."

Halafu alilia kweli, kidogo, kwa sababu zilikuwa picha zake na nyingi hazitarudi. Nilikaa naye pale chini. Nilimwambia kuwa nilizitazama Jumatano, kwamba ni nzuri kuliko zangu, na kwamba ndiyo maana nilitaka zote. Aliniuliza mara mbili kama nasema kweli. Ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba maoni yangu juu ya picha zake alikuwa ameyangoja.

"Na ya kumi na mbili?" nikauliza. "Hukumtumia mtu."

"Ningemtumia nani?" Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ni siku ile tulikwenda wote Kisiba, mwaka jana. Ulikuwa unapiga ziwa. Bibi Alinanuswe akaja, amevaa vizuri, akasimama mbele yako. Ukamwambia, bibi, sogea kidogo kushoto. Akasogea. Ukasema, kidogo tena. Akasogea tena. Akasimama wima, akanyoosha kitenge, akakaza macho kwenye kamera yako. Mimi nilikuwa nyuma yenu, nikapiga. Wewe upande mmoja umeinama unapiga maji, yeye upande wa pili amesimama anapigwa picha."

"Alidhani nampanga."

"Alidhani unampanga. Ulipomaliza alikushukuru. Ukamwambia asante bibi."

Sikukumbuka hata hilo.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuita. Ulisema subiri, mwanga mzuri unaondoka." Alikunja kile kitenge. "Nisingeweza kumpa yeye, angejua. Nilitaka uione wewe, tena kwenye karatasi, usiweze kuipitisha kwa kidole ukasema nzuri, nzuri."

Nilikwenda kwenye kabati nikaichomeka diski. Siku hiyo ya Kisiba nina picha arobaini na moja, na zote ni za maji. Katika moja, pembeni kabisa, kuna ncha ya kiatu.

Jumamosi Atupele alitutolea zile kumi na moja bila kuchukua hata senti. Safina alizipanga juu ya meza ya Mwalimu Beatrice, na watu wakaacha chai. Zilikuwa zimepungua ubora kwa kutumwa na kurudishwa, mtu wa lenzi tatu angeliona hilo mara moja, na mimi nililiona, nikafunga mdomo. Mwalimu Beatrice alizihesabu.

"Kumi na moja," alisema. Alisikitika, lakini yeye ni mwalimu.

Nikasimama kama katibu. Nilieleza zilivyofutwa, na maneno niliyotumia, Yussuph akacheka mpaka chai ikampalia. Kisha nikawaeleza picha ya kumi na mbili, nani amesimama wapi, nani anatazama nini, na yule mpumbavu aliyeinama ni nani. Mwalimu Beatrice aliniuliza kama nina uhakika ilikuwa picha nzuri, maana sikuiona.

"Nimeona picha nyingi tangu ninunue kamera," nikamjibu. "Hiyo ndiyo sijaiona, na ndiyo inayoniuma."

Akaandika kumi na mbili. Nami nikatoa hoja kwamba kifungu cha nne kifutwe. Nilitumia neno hilo, kifutwe, ili pasiwe na utata.

Mchana tukaenda Kisiba, mimi na Safina tu. Alibaki barabarani kwa Agness kwa makusudi, niende peke yangu. Bibi Alinanuswe alikuwa anamenya maharage uani.

"Bibi, nimekudanganya," nilisema. "Ile picha haipo. Siku ile sikukupiga wewe. Nilikuwa napiga maji."

Alinitazama, ganda la harage mkononi.

"Maji?"

"Maji, bibi."

"Na hayo maji uliyapelekea picha yao?"

Aliweka ungo pembeni, akajiinua kwa kushika goti, akatazama kamera iliyoning'inia shingoni mwangu, akasema ningoje avae. Akaingia ndani akafunga mlango.

Mawingu yalikuwa yamefunguka baada ya mvua. Ule mwanga ninaoupenda, ambao kwetu haudumu hata robo saa, ulitua kwenye migomba, ukashuka polepole hadi ziwani. Nilisikia sanduku linafunguliwa ndani, nikasikia linafungwa, kisha likafunguliwa tena. Nilivuta kigoda nikakaa nikiutazama mlango wa bibi. Alipotoka na nguo yake ya kanisani, uani kulikuwa kumeshaingia kivuli, akaniuliza asimame wapi. Nikamwambia hapo hapo alipo.